Alama Niliyoiweka kwenye Volanti

Sefu aliponipigia simu kuniambia Papa Anselme amefariki, wazo langu la kwanza halikuwa pole wala sala. Lilikuwa hili: kwa nini ananiambia mimi? Miaka ishirini na kitu tumekuwa tukikutana na Sefu sokoni Kamembe, tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, na hata siku moja hajalitaja jina hilo. Sasa ananipigia, sauti ya polepole, "Riziki, Mzee wa ambreyaji ametuacha. Kilio kiko kwake kule Nkanka, Siku ya Posho banaanua matanga." Siku ya Posho kwetu ni Jumamosi. Nikamuuliza nani alimwambia aniambie. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekujua tangu zamani. "Hakuna muntu, dada. Ni miye tu. Nilifikiri utapenda kujua." Nikasema aksanti, nikakata simu, nikakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikiyapima maneno yake kama kuna kitu kimejificha ndani. Ndivyo nilivyo. Wanangu hunitania kwamba hata padri akinipa komunyo naigeuza kwanza niangalie upande wa pili. Wacha wacheke. Lakini habari za mwaka ule sijawahi kuwasimulia, na nikiziandika sasa ni kwa sababu nimechoka kuzibeba peke yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimevuka daraja la mpakani kutoka Bukavu na begi moja, na kazi niliyoipata ilikuwa kwa Hadja Mariamu, mfanyabiashara wa mchele pale Bugarama. Chumba changu kilikuwa ndani ya ghala lenyewe, pembeni, kimekatwa kwa mbao nyembamba zisizofika darini. Joto la Bugarama lilikuwa linalala na mimi kitanda kimoja. Pumba za mchele ziliingia kwenye nywele, kwenye chai, kwenye Biblia. Ng'ambo ya ukuta ule wa mbao ndiko ilikokuwa meza ya Hadja, na kwa kuwa mbao hazikufika juu, kila neno lililosemwa mezani lilinifikia mimi kitandani. Hadja alikuwa mwanamke mnene, mkarimu, mwenye kicheko kikubwa. Wali, maharage, sombe, yaani kisamvu, ya karanga, Ijumaa pilau ya nyama. Hakuna aliyeondoka kwake na njaa. Ila alikula huku anaongea, na kila alichoongea kilimhusu mtu aliyemwibia au mtu atakayemwibia. Mkulima aliyelowesha mpunga ili uwe mzito. Fundi wa kinu aliyeficha mchele ndani ya soksi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, kisha anaomba aongezewe mchuzi. Nikilala nikisikiliza, nilijihisi nimefika nyumbani. Mimi nilikulia Kadutu, mtaa wa Bukavu, ambako ukianika shati unakaa chini yake mpaka likauke. Upande ule wa mto walituita Banyarwanda, upande huu wakaniita Mukongomani, na pande zote mbili nilijifunza kusikiliza mazungumzo yanavyonyamaza ninapoingia. Hadja aliliona hilo kwangu mapema. Mwezi wa pili tu alisema mbele ya watu kwamba binti huyu ana macho, na mimi nikavimba kichwa.

Hadja alikuwa na lori dogo moja la kupandisha mchele Kamembe, na dereva wake alikuwa huyo Sefu. Siku moja, katikati ya mlima, lori likiwa limejaa magunia, injini ikawa inanguruma kama kawaida lakini gari halisogei. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Sefu akapiga breki, akaruka chini, akatia jiwe nyuma ya gurudumu. "Ambreyaji imekufa," akasema, yaani klachi, kama wanavyosema Watanzania. Mchele ukahamishiwa gari lingine, na lori likavutwa kwa kamba mpaka gereji moja ya Kamembe. Sasa, watu wa kwetu wana desturi yao, na nadhani wengine pia wanayo: gari likishafunguliwa haliachwi peke yake na fundi. Mtu wa mwenye gari huletwa, hupewa kiti, hukaa hapo tangu boluti ya kwanza inapotoka mpaka ya mwisho inaporudi. Kulinda gari, ndivyo tunavyoita. Kwa sababu kila mtu anajua kisa cha mtu aliyepeleka gari lenye betri mpya likarudi na betri ya marehemu. Hadja hakumwamini Sefu, akihofia madereva na mafundi hunywa chupa moja. Akanituma mimi. Mashine sikuzijua hata kidogo. Sikuweza kutofautisha injini na giaboksi. Lakini nilijua kulinda, na nilijua kutia alama. Katika begi langu nilikuwa na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, na msumari. Unachora herufi yako kwa msumari, unatia tone la rangi juu, na kanuni kubwa kuliko zote, niliyofundishwa Kadutu tangu mdogo: usimwambie mtu yeyote alama iko wapi. Ukimwambia fundi, kesho ataichora kwenye chuma kingine.

Fundi wa ambreyaji pale alikuwa Papa Anselme. Mtu mrefu, mkimya, wa miaka hamsini hivi, suruali yake imeshonwa magotini kwa kitambaa cha gunia. Alikuja mikono ikiwa imeoshwa, akanisalimu kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimekula. Basi hapo hapo nikaanza kumshuku. Fundi anayemjali mlinzi wa gari anataka nini? Mchana walileta ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakakaa kuzunguka sinia moja juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta, wakaniita. Nikakataa. Nilikula muhogo wangu baridi niliouleta kwenye mfuko, mgongo ukiwa ukutani, macho kwenye lori. "Dada anaogopa tutamuloga," akasema Dido, fundi mwingine pale, kijana wa miaka thelathini mwenye maneno mengi na kofia ya kuvaa kinyume. Wakacheka wote ila Papa Anselme, ambaye alinitengea samaki kwenye kifuniko cha sufuria na kukiacha karibu na kiti changu. Sikuwagusa. Nzi waliwamaliza mbele ya macho yangu na mate yakinidondoka.

Kesho yake walishusha giaboksi, wakatoa diski ya zamani, imelika mpaka rivati, na nyuma yake ikabaki volanti. Hii ni sahani nene ya chuma, nzito, inayozunguka na injini. Diski ya ambreyaji huja kuigandamia, na hapo ndipo nguvu ya injini inapata njia ya kwenda kwenye magurudumu. Papa Anselme aliifungua, akailaza juu ya gunia, akaniita. "Kuya uone, mutoto wangu, usiseme baadaye hukuonyeshwa." Uso wa volanti ulikuwa na madoa ya bluu na mipasuko myembamba kama nywele. Akachukua rula ya chuma, akaisimamisha juu ya ule uso kwa ukingo wake, akaniambia niinamishe kichwa. Chini ya rula mwanga ulikuwa unapita. "Imekuwa sahani ya mboga," akasema. "Imebonyea. Tukiweka diski mpya hapa itashika fasi mbili, fasi zingine itaelea. Kwenye mulima itatetemeka, na bila kukawia itaungua tena. Hii inaenda kwa turneri, akate uso, apate ulio sawa." Turneri ni fundi wa kukereza chuma, na aliyemwamini yeye alikuwa ng'ambo, Bukavu.

Dido akatoa kichwa chini ya gari lingine. "Weye Mzee, kila volanti kwako inaenda kwa turneri! Tupige musasa, nusu saa tumemaliza, dada arudi kwake akapike."

"Musasa unasafisha. Haunyooshi."

"Batu wangapi banafunga hivyo hivyo na gari zinatembea?"

"Zinatembea," Papa Anselme akasema. "Uliza zinatembea mpaka wapi."

Dido akanikonyeza, akasubiri mzee aende kuosha mikono, akaja karibu na kiti changu akijifanya anatafuta spana. "Dada, miye sisemi kitu. Lakini jiulize. Juu ya nini kila volanti inavuka mupaka? Yeye na ule turneri ni bandugu ba damu? Chuma kizuri kinaenda, chuma gani kinarudi?" Akaondoka akipiga mluzi. Na mimi, ambaye nusu saa iliyopita nilikuwa nimeona kwa macho yangu mwanga ukipita chini ya rula, nikaanza kujiuliza kama ile rula yenyewe ilikuwa imenyooka.

Nilimpigia Hadja kwenye simu ya kibandani. Akasema fundi ndiye ajuaye, iende, lakini macho yasilale. Hapo nikakwama. Kama ningeifuata volanti Bukavu, lori lingebaki wazi bila mlinzi, na giaboksi imelala chini kama maiti. Kama ningebaki na lori, volanti ingevuka peke yake. Nikaamua kubaki na kutia alama. Papa Anselme alipoingia ofisini kuandika barua ya mpakani, nikapiga magoti kwenye gunia. Nyuma ya volanti kulikuwa na mafuta meusi, rangi isingeshika hata kwa dawa. Uso wa mbele ulikuwa mkavu, safi. Nikachora R kwa msumari, nikatia tone jekundu juu yake, nikapuliza likauka, nikageuza chuma kifudifudi. Nilijiona mjanja kuliko Kamembe nzima.

Ilirudi kesho yake alasiri, imefungwa kwenye gunia lile lile. Papa Anselme aliifungua taratibu mbele yangu, naye alikuwa na furaha, hilo nalikumbuka vizuri. Uso ulikuwa unang'aa kijivu, na mistari midogo ya duara, kama ndani ya sufuria mpya. Akaweka rula. "Inama tena, angalia. Mwanga uko wapi?" Sikuinama. Nilikuwa natafuta R. Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Hakuna R, hakuna nyekundu, hata vumbi la nyekundu hakuna. Nikaiinua, ikawa nyepesi kidogo kuliko jana, au nilitaka iwe nyepesi. Damu ikanipanda kichwani. Nikapiga kelele ambayo naisikia mpaka leo: "Mwizi! Hii si yetu! Umebadilisha!"

Gereji nzima ikasimama. Madereva wakaja, mama wa maandazi akaja na sinia lake kichwani. Papa Anselme alibaki amechuchumaa, rula mkononi. "Mutoto wangu, hii njo ile ile."

"Yetu niliitia alama. Hii haina."

"Alama uliiweka fasi gani?"

"Hiyo ni siri yangu!"

Watu wakaguna kwa kuridhika. Huo ndio ulikuwa mtego, na wote waliujua. Yeye akafikiri kidogo, akaweka kiganja kwenye ule uso unaong'aa. "Kama uliiweka hapa mbele, dada, basi kweli hutaiona, sababu hapa njo..." Nikamkatiza. Jamani, nilimkatiza! Nilisikia mwizi anayepapasa kutafuta mahali pa alama. "Mnamsikia?" nikapaza sauti. "Anataka nimwambie iko wapi! Anajaribu kubahatisha!" Dido akapiga makofi, akacheka, "Binti wa Kadutu, huyu hamumuwezi!" na kicheko kikawashika wengine. Mzee akajaribu tena mara mbili. Kila alipofungua mdomo walimzomea. Mwishowe akaifuta volanti kwa kitambaa, pande zote, akailaza kwenye gunia vizuri.

Hadja alipanda kutoka Bugarama siku ile ile. Hakutukana, yeye hakuwa mtu wa matusi. Alimwambia mwenye gereji mbele ya wateja kwamba mchele wa Bugarama una malori mengi, na yeye anajuana na wenye malori wote. Ilitosha. Papa Anselme alikusanya vyombo vyake kwenye gunia, akapita mbele ya kiti changu, akasema, "Mwambie Dido akaze boluti za volanti kwa mupangilio, moja huku, moja kule, asizifuatanishe." Nilimwona mnafiki. Akaenda zake kwa miguu. Kwa kuwa volanti nyingine haikuwepo, Dido alifunga ile ile iliyorudi, akisema tutaona itakavyotutesa.

Haikututesa. Hilo ndilo lililonitesa mimi. Nilipanda na Sefu kila safari, nikakaa mbele, masikio wazi, nikiingoja itetemeke. Tulifika ule mlima tukiwa tumejaa magunia mpaka juu, Sefu akasimama makusudi katikati, akaondoka tena, na lori likachukua mzigo kama mtu anayembeba mtoto usingizini. "Inaondoka laini," Sefu akasema, na hakuniangalia. Nikajibu kwamba chuma cha wizi nacho kinaweza kuwa kizuri. Nitasema ukweli wangu wote hapa: niliomba ife. Nilisali rozari nikiomba ambreyaji ya mwajiri wangu iungue tena mlimani, ili niwe nimesema kweli. Mungu hakunisikiliza. Wakati huo Hadja alikuwa amenitoa kwenye chumba cha mbao, amenipa chumba chenye dirisha na ufunguo wa ghala, na kila mgeni aliyekuja kula pilau alisimuliwa jinsi Riziki alivyomkamata fundi mwizi kwa tone la rangi ya kucha. Niliitwa mezani kusimulia mwenyewe. Niliongeza chumvi kila mara.

Miezi sita hivi ikapita. Shemeji yake Hadja alikuwa na pikapu, na Dido alimbadilishia ambreyaji kwa ile njia yake ya msasa. Gari lilitoka gereji likitetemeka kila linapoondoka, mpaka yai lililowekwa kwenye kiti lilipasuka. Shemeji mwenyewe aliapa hivyo. Walikuja juu, Dido akakubali shingo upande kwamba volanti iende kwa turneri. Safari hii hawakutaka kurudia makosa: nilitumwa mimi mwenyewe niifuate ng'ambo, na rangi yangu.

Karakana ya turneri ilikuwa chumba kirefu nyuma ya kanisa, sakafu imejaa vipande vya chuma vilivyojikunja, vinang'aa, redio inapiga muziki wa Kinshasa. Turneri alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, plasta kwenye kidole gumba. Nilimwangalia kama unavyomwangalia nyoka. Nilipotoa msumari na kuinama juu ya uso wa volanti, akanishika mkono kwa upole. "Maman, unafanya nini?"

"Naweka alama. Isibadilishwe."

"Aa, ni vizuri. Lakini weka nyuma, futa mafuta kwanza. Hapo mbele naenda kukata."

"Kukata vipi?"

Akacheka, si kwa ubaya. Akaifunga volanti kwenye mashine, akaiwasha, akasogeza kile kisu chake kidogo, na uso wote, madoa, mipasuko na michirizi ya msasa wa Dido, ukaanza kutoka kama ganda la chungwa, ukadondoka miguuni pangu. Chini yake kukawa na chuma kijivu kinachong'aa. Nilikijua kile kijivu. "Umeona?" akasema akipaza sauti juu ya mashine. "Alama ikibaki hapa mbele, ujue sikufanya kazi. Ungekuwa unaona alama yako, hapo njo ungeniita mwizi." Kisha akauliza, huku anapangusa, "Na Mzee Anselme yuko wapi? Zamani yeye alikuwa ananiletea. Muntu wa rula. Ukikata vibaya hata kidogo anakurudishia." Nikasema sijui. Nikakaa juu ya sanduku la boluti, akadhani ni njaa, akaniagizia chai na beinyee, maandazi ya huko. Safari hii nilikula, na machozi yakaingia kwenye chai.

Mtu mwema angevuka daraja mbio na kwenda moja kwa moja kwa Hadja. Mimi nilivuka polepole. Darajani nilikuwa nimeshaanza kujipangia: nikisema, chumba chenye dirisha kitapona? Ufunguo? Nitarudi kwenye mbao, au nitarudi Kadutu? Na Hadja, ambaye alilitangaza jambo lile kwa wenye malori wote, atakubali kula maneno yake, au atasema nimehongwa? Nilimkabidhi shemeji volanti yake, nikasema kila kitu kiko sawa. Jioni nikasikia Hadja ananisifia mezani, na mbao hazikuwepo tena kati yetu.

Kabla ya mwaka kuisha niliomba ruhusa, nikachukua mfuko wa mchele mzuri, nikaenda Nkanka. Nilimkuta Papa Anselme nyumbani, mkewe anapepeta maharage uani. Mzee aliponiona alisimama haraka sana. Kabla sijamaliza kumsalimu mama, akasema, "Huyu ni mugeni wa Bugarama, kuya nikuonyeshe shamba," akanishika kiwiko akaniteremsha kuelekea ziwani, hatua ndefu ndefu. Niliogopa. Niliwaza: ananipeleka mbali na watu, atanipiga, atanisukuma majini. Tulisimama kati ya migomba, ziwa chini yetu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Yeye ndiye aliyeanza, sauti ya chini. "Ile ambreyaji. Inashika?"

"Inashika, Papa."

"Kwenye mulima?"

"Hata tukisimama katikati na mzigo."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi," akasema. Na mimi, mwoga, mbwa mimi, nilipomwona ameridhika hivyo, nikajiambia labda yamekwisha, labda hahitaji maneno. Nikaongelea mvua. Nikaongelea bei ya maharage. Tulirudi juu, mkewe akapokea mchele kwa shukrani nyingi, akanipa parachichi nne nirudi nazo. Sikurudi Nkanka tena mpaka Sefu aliponipigia simu.

Nilirudi Jumamosi ile ya kuanua matanga. Sefu alinipitia asubuhi na gari lake. Njiani nilimwambia kila kitu, kuanzia msumari mpaka turneri. Akasema alishuku hivyo tangu siku lori lilipoondoka laini, ila nani angemsikiliza dereva. Uani kulikuwa na hema, viti vya plastiki, kreti za Fanta, majirani wote wa kilima kile. Misa iliisha. Binti mkubwa wa marehemu, Vestine, mwalimu wa shule, alisoma maisha ya baba yake kutoka kwenye daftari: alizaliwa hapa, alioa, alifanya ufundi wa magari Kamembe kwa sifa nyingi, mpaka maumivu ya mgongo yalipomlazimu kuacha kazi na kurudi shambani. Kisha wakauliza kama kuna rafiki aliyefanya naye kazi mwenye neno.

Nikasimama. Nikasema jina langu. Nikasema kwamba Papa Anselme hakuacha kazi kwa mgongo. Kwamba mimi nilimwita mwizi mbele ya gereji nzima, kwamba alifukuzwa kwa ajili yangu, na kwamba hakuwa mwizi, hakuchukua hata boluti moja; kosa lilikuwa langu, alama niliiweka mahali panapokatwa. Nikasema nilijua ukweli kabla ya mwaka kuisha na nikaufunga mdomoni zaidi ya miaka ishirini. Nililia waziwazi. Nilitegemea kitu, sijui nini. Labda mtu aseme amina.

Halafu nyuma yangu nikasikia mwanamke akinong'ona, "Kumbe alifukuzwa?" Mwingine akajibu, "Kwa wizi, hukusikia?" Na mwanamume mmoja: "Miye nilikuwa najiuliza siku zote, mugongo gani ule unaumwa na unalima." Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, amekaa mwisho wa safu, akasema bila hata kushusha sauti, "Lisemwalo lipo." Na vichwa vikainamiana chini ya hema lote, safu kwa safu.

Vestine alikuja kwangu. Hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Maman," akasema, "sisi hatukujua. Mama alikufa hajui. Hapa Nkanka hakuna aliyejua. Baba aliwaficha wote mpaka kaburini, na weye umekuja kuwaambia." Nikasema lakini nimewaambia hakuwa mwizi. "Wamesikia mwizi," akasema. "Ulisema kwa wote mara moja. Sasa nenda ukawafutie, mmoja mmoja."

Alikuwa na haki. Nikafuta machozi kwa kitenge, nikachukua kiti, nikakibeba mpaka mwisho wa safu, kwa yule mzee wa kofia ya sufu. Nikamwambia nataka nimweleze volanti ni nini. Nikakaa karibu naye. Akaniangalia kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, akachukua mfuko wake uliokuwa chini kati yetu, akauhamishia upande wa pili, mbali na mkono wangu.